Mstari Upo, Safu Hakuna

Usiku ule sikulala. Binti yangu alikuwa hospitalini, si kwa kuugua bali kazini, na jirani yetu kinyozi alikuwa wodini. Habari za wote wawili nilizingoja kwenye simu moja iliyolala juu ya meza ya cherehani. Ilipowaka mara ya kwanza niliirukia, kumbe ni tangazo la bahati nasibu. Mara ya pili alikuwa mke wa kinyozi.

"Dada, bado. Wanasema tusubiri."

"Na Kitinda umemwona?"

"Nimemwona anapita na makaratasi. Hakunisalimu. Si kawaida yake."

Kwa kweli si kawaida yake. Huyo ni kitinda mimba wangu, na mtaa mzima unamwita Kitinda ingawa ana miaka ishirini na minane. Yuko chumba cha kompyuta cha maabara ya hospitali. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kazi yake naielewa, maana aliianzia mezani kwangu.

Zamani vipimo vya wateja nilikuwa naviandika jinsi vilivyokuja. Mstari mmoja: mama wa duka, kifua, thelathini na nane. Mstari wa pili: mama wa duka, kiuno. Hapo mtu mwingine anaingia na haraka zake, anaandikwa katikati, kisha tena mama wa duka, mkono. Siku ya kukata kitambaa nilipekua kurasa nne kumtafuta mtu mmoja. Kitinda alikuwa na miaka kumi na moja alipochukua rula na daftari jipya. Majina ya watu akayashusha upande wa kushoto, kila mtu mara moja tu. Juu akaandika kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, urefu. Kilichokuwa mistari imelala akakisimamisha kikawa safu. Kwa kutupa jicho tu nikamwona mteja mzima.

Akaja mwalimu mmoja ambaye bega lake la kulia limeshuka. Nilimpima vizuri, nikaona limeshuka vidole viwili, nikatafuta pa kuandika. Safu ya bega kushuka haikuwepo. Nikajiambia nitakumbuka. Koti lake lilining'inia kama limetundikwa kwenye msumari, akalirudisha mbele ya watu.

"Futi yangu imezeeka," nilimwambia Kitinda.

"Futi haina kosa, mama. Ulipima. Mahali pa kuandika ndipo hapakuwepo."

Mtoto wa miaka kumi na moja! Nilicheka. Laiti ningeyashika maneno yake.

Hospitalini mambo ni yale yale, ila makubwa. Mashine za maabara zinaandika kwenye hifadhidata mstari kwa mstari: mgonjwa, jina la kipimo, jibu. Daktari hana muda wa kusoma mistari elfu. Anataka jedwali: mgonjwa mmoja mstari mmoja, na kila kipimo safu yake. Aliyekuwa na kazi hiyo kabla ya Kitinda aliandika swali, yaani maagizo inayopewa kompyuta, la kuigeuza mistari kuwa safu kwa kutaja vipimo kimoja kimoja, vyote kumi na tisa. Kisichotajwa hakionekani. Kompyuta hailalamiki, inakiruka tu, kama mimi nilivyoliruka bega.

Kitinda alitaka kulibadilisha. Alinieleza tukimenya viazi. "Mama, kwanza linauliza lenyewe: humu mna vipimo gani? Linakusanya majina, kila jina mara moja. Kisha kwa majina hayo linajitungia swali la pili, ndilo linalochora jedwali. Kipimo kipya kikija, safu inajiongeza."

Kinyozi alikuwa mlangoni, amekuja kuazima mkasi, kama kawaida yake. "We mtoto, hiyo kompyuta yako inajua kunyoa?"

"Haijui, baba mdogo. Ila inaweza kuhesabu nywele ulizobakiwa nazo."

"Basi haitachelewa kumaliza!" akajibu mwenyewe, akajipapasa kipara, akaondoka na mkasi.

Ijumaa asubuhi Kitinda aliniaga mapema. Jumamosi maabara ingeanza kutumia mashine mpya yenye vipimo vipya, kimojawapo cha figo. "Leo usiningoje kwa chakula cha jioni. Nikimaliza lile swali, nitalala kwa amani."

Nami siku hiyo nilikuwa na mgeni ambaye sikumwambia habari zake. Shangazi wa kijana mmoja mwenye adabu na kazi yake alikuwa anakuja kumwona Kitinda, kama atafaa kuwa mke. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalinijia katika kumtafuta huyo mjukuu. Saa kumi shangazi amekaa, soda imeisha, binti hayupo. Nikaenda uani nikapiga simu.

"Mwanangu, kifua kinanibana."

Hakikubana. Nilikuwa mzima kama ng'ombe.

Alifika anahema, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Akanikuta sebuleni nacheka na mgeni. Nikaweka mkono kifuani upesi. "Kimetulia kidogo," nikasema. Akamwamkia shangazi, akapiga magoti mbele yangu, akanishika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Shangazi alifurahi sana: mtoto anayempenda mama yake hivi!

Jumamosi alitaka kurudi kazini. Aliniuliza, "Kinauma?" Nikasema, "Kidogo," kwa sababu kukiri ilikuwa aibu na kuuguzwa kulikuwa kutamu. Akavua viatu. Jumapili vivyo hivyo.

Jumamosi hiyo hiyo kinyozi alipelekwa hospitali, uso umevimba, mgongo unamuuma. Akatolewa damu. Mashine mpya ikapima figo, ikaandika jibu baya kwenye mstari wake. Daktari akafungua jedwali, akaona safu kumi na tisa, zote nzuri. Akampa dawa ya maumivu, ambayo mwenye figo mbovu hapewi. Jumatatu kinyozi hakuweza kusimama, na Kitinda aliporudi kazini akaanza kupekua mistari.

Kulipokucha Jumanne nilisikia lango. Sikusubiri abishe.

"Yu hai," Kitinda alisema. "Figo hazikurudi. Atakuwa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, maisha yake yote."

"Pole, mwanangu."

"Jibu lilikuwepo tangu Jumamosi asubuhi, mama. Mstari upo, safu hakuna." Macho yake yalikuwa makavu. "Nimewaambia kazi ile niliiacha mimi. Wanataka maelezo kwa maandishi leo, nisaini. Nitaandika ukweli: mama yangu alikuwa mgonjwa."

Akaingia chumbani, akaurudisha mlango. Mimi nilibaki na birika motoni, maji yanachemka na kufoka, sisikii kitu kingine.

Mlango ule naujua. Kitasa chake kina kutu. Ukizungusha ufunguo kinalia kama panya aliyebanwa. Miaka yote nimekuwa nikikisikiliza kujua kama mwanangu amejifungia au la. Asubuhi ile sikujua. Nilidhani amejifungia.

Nikampelekea chai, nikagonga. Nikaweka chai chini. Ndani nilisikia kalamu ikiandika, ikisimama, ikiandika. Alikuwa anauweka uongo wangu kwenye karatasi, na jina lake chini yake.

"Kitinda, usiandike hivyo."

Kalamu ikasimama.

"Ijumaa sikuwa naumwa. Palikuwa na mgeni. Nilitaka uje akuone."

Sauti yake ilikuwa ya chini. "Na Jumamosi?"

"Na Jumamosi."

"Nilikuuliza kila saa, mama. Hata usiku niliamka kukuuliza."

"Uliniuliza."

"Kwa hiyo kifua hakikuuma."

"Hakikuuma, mwanangu."

Niliweka kiganja kwenye mbao. Nilisikia kiti kikisogezwa, nikasikia hatua zake zikija, moja, mbili, tatu, mpaka zikawa upande wa pili wa kiganja changu. Nikarudi nyuma kidogo nimpishe afungue.

Kitasa kikalia kama panya aliyebanwa. Kumbe muda wote ule mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ningeusukuma, ungefunguka. Sasa ndipo alipokuwa anafunga.