Shingo ya Ng'ombe wa Babu

Usingizi ulinipaa. Nilijiuliza kama mama anaumwa kweli au ni mimi tu, maana tangu nimalize chuo kazi yangu ni kuwaza. Chumba kizima kilinuka mafuta ya makonyo ya karafuu aliyojipaka kiunoni, lakini kila nikimuuliza hunijibu, “Sijambo, mwanangu.”

Mafuta hayo hayo ndiyo aliyopakwa ng'ombe wa babu nilipokuwa mdogo. Siku hiyo alivuta gari la nazi kutoka shamba, akasimama kutafuna majani kama kawaida.

“Huyu chuma,” babu alijisifu.

Bibi aliinua nira. Chini yake shingo ilikuwa imechunika, nyekundu, nzi wamejaa.

“Chuma gani kinatoka damu, bwana wee? Ulitaka akwambie?”

Babu alimfungua palepale, gari likabaki njiani na nazi zake.

Kulipokucha mama aliinama kutandika jamvi la kuanikia karafuu, akajishika kiuno. Nikamletea buibui lake.

“Twende hospitali, mama.”

“Na karafuu je?”

“Zitasubiri.”

Alinitazama, akalivaa. Tulipotoka mlangoni aliniegemea begani, na hapo ndipo nilipomsikia akiguna.