Unga wa Mfupa Mikononi mwa Gaudens

Mtaa mzima wa Narung'ombe ulijua kwamba binti wa Gaudens anatengeneza mfupa. Wangeachaje kujua? Ukienda kwa Gaudens kununua beseni, unaondoka na beseni pamoja na habari za Brightness. Hata wabeba mizigo walishakariri kuwa ni unga wa kalsiamu na fosfeti, vitu vilevile vinavyojenga mifupa yetu, ukatiwa madini adimu kidogo yaitwayo yuropiamu, ili siku ukijazwa penye mfupa uliovunjika, daktari aumulike aone umekaa wapi.

"Unawaka mwekundu kama kaa la moto," Gaudens alikuwa akisema, "na mimi ndiye baba yake." Utadhani huo unga kauzaa yeye.

Asubuhi ya siku ya kutetea utafiti wake chuoni, Brightness alipita dukani kuacha kichupa, halafu aende kuchapisha karatasi zake. Ndani mlikuwa na unga wote uliobaki. Walimu walishamwambia hawataki picha, wanataka kuuona ukiwaka mbele ya macho yao.

"Baba, tafadhali, usikifungue."

"Mimi? Mama, kwani mimi mtoto?"

Afadhali angekuwa mtoto. Brightness hajafika hata kona, Zamzam wa duka la vitenge la jirani akaja kuomba chenji, na Gaudens akashindwa kujizuia. Alivuta turubai mlangoni, akazima balbu, akawasha taa yake ya zambarau ya kukagulia noti bandia, akafungua kichupa. Pangaboi lililokuwa likizunguka juu ya kichwa chake alilisahau kabisa.

Unga ule ni laini kuliko unga wowote unaoujua wewe wa jikoni. Upepo uliuchota wote. Gaudens akarukaruka kati ya ndoo akiudaka kwa mikono miwili, mikono iliyolowa jasho la Kariakoo. Alipotulia, kichupa kilikuwa kitupu, na chini ya ile taa viganja vyake vilikuwa vinawaka vyekundu.

"Mangi!" Zamzam akapiga ukelele. "Kumbe ndio uchawi wako wa chuma ulete huo! Ndiyo maana wateja wangu wote wanaishia kwako!" Akatoka mbio, ndala moja akaiacha mlangoni.

Siku nyingine Gaudens angemfuata mpaka dukani kwake wabishane hadi adhuhuri. Leo alimwacha aende zake. Aliogopa, jamani, na hakuwa akiogopa uchawi. Aliogopa uso wa binti yake.

Brightness alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimekuharibia, mama. Nimekifungua."

Binti aliangalia kichupa, machozi yakamlenga. Gaudens akainuka kwenda bombani, maana hakujua afanye nini kingine.

"Usinawe!" Brightness alimulika viganja vile tena, akavigeuza huku na huku. "Usishike kitu chochote. Twende."

Basi Gaudens akapakiwa kwenye bajaji mikono juu, na mtaa mzima ukatoka kushuhudia.

"Wamemkamata!" Zamzam alitangaza. "Na mwanaye mwenyewe ndiye kamchongea!"

Chuoni mapazia yalifungwa. Brightness akaeleza yale aliyoyasomea miaka yote, kisha akasema, "Baba, weka mikono mezani." Akawasha taa ya zambarau.

Unga uliwaka. Ulikuwa umejaa kwenye kila ufa uliochimbwa na kamba za marobota, na kwenye kovu la kidole alichokikata siku za mwanzo, alipokuwa bado akiuza vikombe barabarani. Mwalimu mwenye sura ngumu kuliko wote aliinama karibu kabisa.

"Na huyu mzee ni nani?"

"Ni baba yangu," Brightness alisema. "Alishindwa kusubiri."

Wakacheka wote, hata yule wa sura ngumu. Gaudens, ambaye angeweza kuwasimulia habari hizo mpaka Isha, aliiacha mikono yake palepale mezani. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya mikono, ikabidi binti yake amfute kwa kitambaa.

Brightness alifaulu vizuri.

Jioni, nyumbani kwao Magomeni, mkewe Agnesi alitenga ugali na samaki, akaleta maji na sabuni.

"Nawa basi, Baba Brightness, tule."

Gaudens akaificha mikono chini ya meza, akaomba kijiko.