Misalaba Isiyo na Dhahabu Katika Shamba la Letekidan

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Aksum. Letekidan Berhe, miaka 58, anatembea peku kwenye shamba lake la tefu, nafaka ya kwao, macho chini. Mvua imeosha matuta. Anainama, anafuta tope kwenye sarafu ya shaba ndogo kama ukucha.

Upande mmoja, uso wa mfalme. Upande wa pili, msalaba, na katikati ya msalaba, kishimo kitupu.

"Hii nayo imekwanguliwa," anasema. "Baba alikwangua saba tu. Mimi nimeshaokota zaidi ya mia."

Wafalme wa hapa walipobatizwa, waliufuta mwezi kwenye sarafu zao wakaweka msalaba. Misalaba mingine ya shaba wakaipachika dhahabu. Kwenye sarafu nyingine wakaandika: hili na liwapendeze watu. Watu gani? Leo sarafu zimo kwenye makabati ya vioo ng'ambo, na mkulima kabaki na tope.

Mzee Berhe alikwangua dhahabu ile amtengenezee bintiye Letekidan hereni za harusi. Kabla ya mavuno akapofuka.

Sasa ni zamu ya macho ya Azmera, miaka 22, mtoto pekee wa Letekidan. Hospitali wamempima mara tatu, hawaoni ugonjwa.

"Mchumba anakuja Jumapili," Azmera anacheka, akichambua dengu kwa kupapasa. "Akiwa na sura mbaya, bahati yake."

"Nyamaza wewe!"

Mama ameamua kuirudisha dhahabu ardhini. Ila ana hereni moja. Ya pili aliichukua jirani yake, mfanyabiashara Haftom, kwa gunia la mtama, mwaka wa njaa. Wenye maghala walinenepa mwaka ule. Hatujawasahau.

Wiki iliyopita alimfuata. "Adey, mama yangu," Haftom akamjibu, "gunia mlikula mkashiba. Lirudishe kwanza, ndipo tuongee."

Letekidan anachimba kando ya jiwe la mpaka, mahali ambapo hapajawahi kulimwa. Jembe linagonga shaba. Sarafu saba, zimepangwa mstari mmoja, misalaba juu, vishimo vitupu.

Hashtuki. Anaweka hereni, anafukia.

"Jumamosi narudi kwa Haftom. Safari hii atanipa, na mwanangu ataiona harusi yake."

Ana uhakika gani?

"Juzi kaokota sarafu upande wake wa mpaka. Akaisogeza puani, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Akaniita, kwa upole kabisa: 'Adey, hebu niangalizie. Hapa katikati pana nini?'"