Jibu Alilolikata Kasiva

Mwaka wa tisini na nne, watu wazima wa mtaa wa Mbotela waliokatiza shule walikutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa kujiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kasiva alikuwa mkubwa wao. Shule aliiacha kidato cha pili kwa mimba ya Nzivo, na sasa Nzivo mwenyewe alikuwa darasa la tatu.

Kitabu cha majedwali ya logi kilikuwa kimoja, wanafunzi kumi na mmoja. Basi mmoja alisoma, wengine wakaandika, na msomaji akawa Kasiva kwa ile sauti yake ya kwaya.

"Mbili: sufuri nukta tatu sufuri moja sufuri! Tano: sufuri nukta sita tisa tisa sufuri!"

Nje watoto waliruka kamba, na harufu ya mandazi ya jirani ikiingia ilimtia kila mtu njaa. Raha ya Jumamosi zile haijarudi tena.

Mwezi wa pili Mwalimu Ndeti akatoa jaribio. Mwenye alama arobaini angeandikishwa mtihani. Asiyefika angoje mwaka mwingine. Kasiva alikuwa amengoja mara mbili.

Swali la mwisho lilisema: logi ya x, jumlisha logi ya mabano, x kutoa tatu, ni moja. Tafuta x. Akakokotoa, akapata tano na hasi mbili.

"Mama Nzivo," Abukar, kijana wa Eastleigh, alinong'ona nyuma yake, "andika zote mbili. Hizi hesabu huzaa mapacha, bana."

"Abukar! Funga huo mdomo!" Ndeti akafoka.

Kasiva akasita. Jedwalini hajawahi kusoma logi ya hasi. Lakini hata sufuri nukta sufuri mbili haimo mle, na logi yake walifundishwa: huandikwa kwa kistari juu ya tarakimu ya kwanza, kuonyesha hasi. Sasa?

Akawaza chapati. Ukate sehemu kumi, uchukue moja, nayo uikate kumi tena. Tarakimu yenye kistari huhesabu mikato tu. Kipande kitakuwa chembe, lakini ni chapati bado. Hakifiki sufuri, sembuse kushuka chini yake. Hasi mbili haina logi. Akaikata kwa mstari, akaandika kando: chapati haikatwi ikawa hasi. Tano akaijaribu: logi ya tano, na ya mbili inayobaki ukitoa tatu, ukijumlisha, moja kamili.

Ndeti alisahihisha palepale. Abukar alipata sabini, na bado akalalamika.

"Mwalimu, mimi nina majibu mawili, Mama Nzivo moja, halafu mimi ndio nakatwa alama?"

"Haya," Ndeti akasema akiitazama karatasi ya Kasiva, "nikatie chapati kumi kumi mpaka ufike hasi mbili. Tunakungoja."

Darasa likaangua kicheko. Abukar akajikuna kichwa, naye akacheka.

"Kasiva," Ndeti akaita, "arobaini na moja."

Hakusikia vizuri, ilibidi aambiwe tena. Swali la mwisho peke yake lilikuwa na alama nne, mbili kati yake za kuikata hasi mbili.

Ndeti akamsukumia fomu ya kujiandikisha. Aliijaza akiwa wima, akaisoma, akaisoma tena. Mwalimu aliponyoosha mkono kuichukua, akamwambia, "Ngoja kidogo, Mwalimu. Niache niishike."