Wimbo wa Kukanyaga Ndizi

Harufu ya ndizi mbivu zikikanyagwa pamoja na nyasi kwenye mtumbwi wa mbao ndiyo harufu ya wimbo wa babu. Pale kwetu Kimwani wazee wengi walikamua kwa miguu juisi ya kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi, lakini babu alikuwa na wimbo wake mwenyewe, alioutunga kwa mwendo wa nyayo: mguu wa kulia, wa kushoto, kisha kimya kidogo nyasi zikigeuzwa. Mwaka ule magoti yalimkatalia. Akabaki kigodani akitazama wengine wakikanyaga, na wimbo akauacha kabisa.

Nasi watoto wa kwaya ya kigango tukaja na kimbelembele chetu: tukaamua kuuimba siku ya sherehe ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango. Babu aliposikia alinuna. "Waitu, jamani, magoti yamekwenda, sasa mnataka kuninyang'anya na wimbo?" aliniuliza. Mimi ndiye niliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya, na nilimpenda yule mzee kuliko pipi. Kumwona akiinuka na kuondoka mbele ya watu kungenimaliza. Usingizi ulinipaa.

Tena sisi wasichana hatukuwahi kukanyaga ndizi, ile ilikuwa kazi ya wanaume. Tulijaribu kuiga kishindo chake tukawa kama bata wanaovuka barabara. Basi tukauimba kwa mwendo tuliouzoea, wa kuchuma kahawa: vidole haraka haraka, bila kile kimya, maana kahawa haina nyasi za kugeuza. Maneno ya Kihaya hatukuyagusa.

Siku ilipofika babu alikaa benchi la mbele na fimbo yake. Tulipomaliza nilimtazama, roho juu. Yeye akacheka. "Huo ni wa kahawa, waitu," alisema. "Wa kwangu mmeniachia." Jioni ile aliuimba nyumbani, ameketi, akigonga sakafu kwa fimbo. Nilishusha pumzi, nikala chakula cha watu wawili.

Siku hizi hapa Bukoba mjini vijana hurudia nyimbo za wazee na kuiga hata kikohozi cha mwimbaji. Hao huniudhi. Ila juzi binti yangu, ambaye hajawahi kuchuma kahawa, aliimba ule wetu wa kahawa akimsuka mwenzake nywele, taratibu, sauti ikifuata vidole. Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia, nikaona raha moyoni: huo ulikuwa wa kusuka, wimbo wangu alikuwa hajaugusa.