Bingwa wa Gofu wa Ofisi ya Katani

Kabla hajawa fundi cherehani wa mtaa wa Doornfontein, ughaibuni, Mwanaharusi alikuwa karani wa kampuni ya katani huko Tanga, na kwa miaka miwili mfululizo, kuanzia 1989, alikuwa bingwa wa gofu. Kiwanja cha gofu hakuwahi kukikanyaga. Gofu yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta ya ofisi, mashine yenye maandishi ya kijani ambayo meneja mmoja Mzungu aliileta kutoka kwao, akaondoka bila kumfundisha mtu chochote isipokuwa namna ya kuiwasha.

Sheria walijitungia wenyewe. Waliona kila ukipiga mpira namba inaongezeka, wakaelewa kuwa hizo ndizo alama. Ukipitisha mapigo kumi, shimo linafutwa na hupati kitu. Kwa hiyo ustadi ulikuwa kuuzungusha mpira mchangani na vichakani mara tisa, kisha kuutumbukiza kwa pigo la kumi. Neno “par” lililoandikwa juu ya kioo walidhani ni jina la aliyeunda mashine. Mwanaharusi hakuwa na mpinzani. Khatibu, mtunza stoo, alikuwa wa mwisho siku zote: mpira wake ulikuwa na tabia mbaya ya kuingia shimoni kwa pigo la tatu, la nne au la tano. Watu walimwonea huruma.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Mwanaharusi alipeleka simu yake mbovu kwa Thierry, Mkongo wa Lubumbashi anayetengeneza simu na kompyuta mlango wa pili kutoka dukani kwake. Mezani kulikuwa na laptopu yenye michezo ya zamani, ambayo Thierry huitumia kujaribia vitufe. Mmoja ulikuwa ule ule. Bendera ile ile, miti ile ile ya pembe tatu. Mwanaharusi akavuta kiti bila kukaribishwa. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita, lakini vidole havikusahau kitu.

Thierry alitazama mashimo manne.

“Mama, unapiga vizuri sana. Lakini mbona unaogopa shimo?”

“Siogopi. Nangoja la kumi.”

Thierry ni shemasi kanisani kwao na hapendi kumvunja mtu moyo. Alifuta miwani yake kwanza.

“Mama, haiko vile. Mwenye kupiga kidogo ndiye anashinda.”

“Tangu lini?”

“Tangu zamani. Hata wale wanaocheza kwenye majani, ni vile. Na hiyo “par” hapo juu ni hesabu ya mapigo yanayotosha.”

“Eish,” alisema Mwanaharusi.

Alirudi dukani akashona sketi mbili za sare, ya pili akaishona ndani nje. Jambo lilikuwa wazi: bingwa alikuwa Khatibu, na wa mwisho alikuwa yeye. Angeweza kunyamaza. Lakini Khatibu naye alikuwa huku huku, mji wa jirani wa Midrand, akifanya kazi kwenye ghala la mizigo, na kila Idi walipigiana simu. Akampigia.

Khatibu alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo zile alama zangu sabini na nne…”

“Zilikuwa bora kuliko za ofisi nzima. Nisamehe, Khatibu.”



“Mke wangu nilishamwambia kwamba gofu ilinishinda,” alisema. “Itabidi nimwambie upya.”

Jumapili Khatibu alifika kwa Thierry, kama walivyopatana, amevaa koti na tai. Walicheza kwa sheria za kweli, Thierry akiandika. Khatibu alishinda kwa mapigo kumi na moja. Mwanaharusi alisimama, akampa mkono, akamwita bingwa mbele ya shahidi. Khatibu alishukuru, akaipiga picha karatasi ya matokeo, akamtumia mkewe. Kisha akaketi, uso wake haujabadilika.

“Mchezo umekwisha upesi,” alisema.

“Ndivyo ulivyo. Ukipiga kidogo, unakwisha upesi.”

Khatibu aliigusa ile bendera kwenye kioo.

“Bi Mwanaharusi, mimi nilihangaika miaka miwili kulikwepa lile shimo. Tucheze ule wetu.”

Wakacheza ule wa Tanga mpaka alasiri. Thierry aliomba kuingia, akafutiwa mashimo matatu mfululizo, akakiri kwamba huu ni mgumu zaidi. Khatibu alishindwa vibaya sana, akaondoka kurudi Midrand tai ikiwa mfukoni, akieleza mpaka mlangoni jinsi mpira ulivyomponyoka ukaingia mapema kwenye shimo la kumi na tatu.