Mahindi ya Mama Juu ya Silingi

Sisi tuliokulia kota za Makambako tunajuana hata kwa magoti, maana sakafu ile ya saruji ilituchubua sote tukicheza rede siku za mvua. Asubuhi ukungu ulikuja mpaka mlangoni, maji ya bomba yakiuma vidole, na akina mama kwenye foleni ya ndoo wakisalimiana "Kamwene, kamwene" huku meno yanagongana. Uji, kiazi cha moto mfukoni, shule. Wajukuu zangu leo wakiogeshwa maji ya vuguvugu wanalia kama wanachinjwa.

Kota tuliipata kwa kazi ya baba. Nyumba kumi na mbili kwa mstari, sura moja zote, na kazi ikiisha nyumba nayo inaisha. Mlangoni palibandikwa karatasi ya masharti. Mama hakujua kusoma. Mimi, niliyekuja kuishia darasa la nne, nilikuwa bado naungaunga herufi. Karatasi ile tuliiheshimu tu.

Mama alitoka Kifanya. Kwao mahindi hulazwa darini, juu ya fito zinazopita juu ya moto, moshi ukafukuza wadudu. Alipoingia jikoni kota akatazama juu, akaona silingi nyeupe. "Kumbe dari lipo," akasema, akapandisha magunia sita kupitia kitundu cha fundi. Ndiyo yalikuwa mtaji wake wa makande, aliyowauzia wafanyakazi saa nne.

Silingi ikaanguka asubuhi moja ya mvua. Mahindi, vumbi na panya wawili, vyote chini, sufuria ya makande imefunikwa navyo. Hakuna aliyeumia. Lakini bwana nyumba, yule mkaguzi wa kota, alikuwa anakuja keshokutwa, na aliyeharibu nyumba alitolewa nje na godoro lake. Baba akasema, "Basi tena. Tutarudi Kifanya." Mama alikuwa anapepeta.

Bwana nyumba alikuwa mtu wa Pwani, kavaa masweta mawili. Akasimama chini ya pale silingi ilipoanguka.

"Mama, hii nyumba au ghala?"

"Vyote viwili, baba. Kwani kwenu mahindi mnayalaza wapi?"

"Kwetu hatulali na mahindi. Mtahama."

Mlangoni alisimama Mama Luka, mke wa nyapara, jirani yetu wa ukuta mmoja. "Akihama Mama Odilia huyu, na mimi nihesabu. Njoo kwangu uone."

"Una wazimu wewe!" mama akamnong'oneza.

"Wazimu unao wewe, uliyepandisha magunia sita kama unajenga ghorofa!"

Bwana nyumba akachukua fagio, akaisukuma silingi ya Mama Luka kwa mpini. Maharage yakammwagikia kwenye kofia. Nyumba ya tatu hakuhitaji kubisha, mwenyewe alikwishafungua mlango. Ya nne vilevile. Kufika ya sita akaliegemeza fagio ukutani, akacheka mpaka akakohoa.

"Nikiwatoa wote, ofisini nitaandika nini?"

Akaamuru kila punje ishuke kabla ya Jumamosi, na baba aitengeneze silingi kwa mikono yake. Tukabaki.

Mahindi mengi hayakufaa tena kuliwa na mtu. Mama hakulia wala hakulaani. Akanunua mitetea, akailisha yale mahindi, na mpaka msimu uliofuata wafanyakazi wakala mayai ya kuchemsha badala ya makande. Aliwaambia makande yanataka meno, mayai hayataki, na wengi wao meno hawana. Wakanunua.

Juzijuzi nilipita pale. Kota ziliuzwa zamani, zina rangi, zina geti, kila mtu na ukuta wake. Sisemi uongo, ni nzuri kuliko tulivyoziacha. Nikagonga kwetu. Binti mmoja akachungulia kwenye kidirisha cha geti, simu mkononi. Nikamwambia, nimelelewa humu. Akasema, "Sawa, bibi." Nikamuuliza jirani yake wa ukuta huu anaitwa nani.

Hamjui. Ila gari lake, akasema, ni jeupe.